Pingili na Herufi

Shimo la kutafutia nyungunyungu lina vipimo vyake: sentimita 25 kwa 25, na kina cha 30. Vipimo hivyo vilienea kupitia mwongozo wa 1993 wa mpango wa utafiti wa biolojia na rutuba ya udongo wa nchi za joto, uliokuwa na makao yake Nairobi kwa miaka mingi, na hadi leo wengi wanavifuata. Katika msitu wa Ngangao, juu ya vilima vya Taita, mzee anayeshika sepetu hahitaji tena kupima. Kwanza anayakusanya majani makavu kwa mkono na kuyaweka kando, maana majani nayo yana wakazi wake. Kisha anachimba mfereji kuuzunguka mraba, ili waliomo wasipate njia ya kutorokea pembeni. Ndipo anapoanza kuutoa mraba wenyewe, tabaka baada ya tabaka, kila moja la sentimita 10, na kumwaga udongo kwenye nailoni iliyotandikwa mahali tambarare.

Mbele ya nailoni hiyo, juu ya gunia, ameketi mtafiti ambaye mzee humwita Daktari. Kazi yake hapa ni ya vidole. Anachukua bonge, analivunja vipande viwili, kila kipande anakivunja tena, mpaka chembe zinapukutika, na macho yake hayatoki kwenye udongo, kama anayechagua mchele kwenye ungo. Nyungunyungu mkubwa hujitangaza mwenyewe kwa kujinyonganyonga. Wadogo, wenye urefu wa sentimita moja au mbili, hutulia tuli na kufanana na vijizizi. Vifuko vya mayai ni vidogo zaidi, vya rangi ya kahawia, na hushikamana na udongo hivi kwamba jicho lisilozoea huvipita mara tatu bila kuviona.

"Mzee, lile bonge la mizizi tusiliache."

"Siliachi, Daktari. Humo ndimo wanamojificha."

Mraba mmoja unaweza kula saa nzima, na mtafiti hauharakishi. Sepetu ikimkata nyungunyungu vipande viwili, vipande vyote vinaokotwa, lakini kwenye hesabu anaandikwa mwenye kichwa tu, la sivyo mmoja angehesabiwa wawili. Huja hapa wakati wa mvua, kwa sababu kiangazi wengi wao hushuka chini, hujikunja ndani ya vijumba vya udongo na kusubiri. Tena wengine hupoteza dalili za utu uzima ambazo bila hizo hawatambuliki kwa macho. Eneo lenyewe halikuchaguliwa kwa kubahatisha. Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoteremka Tanzania kupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa. Misitu ya vilele hivi imetenganishwa na nyika kavu kwa muda mrefu mno, na kiumbe anayepumua kwa ngozi yenye unyevu hawezi kuvuka nyika kavu kwa hiari yake. Hubaki juu ya mlima wake, yeye na kizazi chake, na hapo ndipo spishi mpya zinapopata nafasi ya kuzaliwa.

Jioni, kazi inahamia kwenye meza ya mbao yenye taa. Kila nyungunyungu anaoshwa kwa maji safi, kisha anatiwa kwenye maji yenye spiriti kidogo tu, karibu sehemu moja kwa kumi. Analegea taratibu. Angetumbukizwa moja kwa moja kwenye spiriti kali angejikunja, angekakamaa na kuvunjika, na nyungunyungu aliyekakamaa akiwa amejikunja hapimiki wala hahesabiki. Akishalegea, mtafiti anamnyoosha juu ya sahani na kukata kipande cha ngozi karibu na mkia, milimita chache tu, kwa wembe ambao umepitishwa kwenye moto na kufutwa. Anachukua ngozi na misuli, na kuliepuka tumbo. Tumboni mmejaa udongo, na udongo una mabaki ya viumbe wengine wengi, pamoja na asidi za mboji zinazokwamisha vimeng'enya vya maabara. Kipande hicho kinatiwa kwenye kichupa chake chenye spiriti ya asilimia 96. Mwili unaobaki nao unahifadhiwa, ukiwa na namba ileile.

Hapa kuna jambo ambalo kizazi kilichotangulia hakikuwa na sababu ya kulijali. Kwa zaidi ya miaka mia moja, dawa ya kuhifadhia nyungunyungu ilikuwa formalini. Formalini huufanya mwili uwe mgumu, viungo vyake vya ndani vikae mahali pake, na mpasuaji akapata raha. Lakini hufungamanisha DNA na protini na kuikatakata, hata maelfu ya chupa zilizoko kwenye makumbusho ya dunia, zilizokusanywa kwa jasho na safari ndefu, ni vigumu sana kusomwa vinasaba vyake. Ndiyo maana mtafiti huyu hutumia spiriti, na kesho yake asubuhi huimwaga na kutia mpya, kwa kuwa mwili wa nyungunyungu ni maji matupu na maji hayo huipunguzia spiriti makali yake usiku mmoja tu.

Mwisho wa siku ni lebo. Anaandika kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu: msitu, mwinuko, vipimo vya GPS, tarehe, tabaka la udongo, jina la mkusanyaji, namba. Kikaratasi kinaingia ndani ya chupa, pamoja na nyungunyungu. Wino wa kalamu ungeyeyuka kwenye spiriti, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Nyungunyungu asiye na lebo, hata awe wa ajabu kiasi gani, hana faida tena kwa mtu yeyote.

Maabara ni mahali pa hadubini kwanza. Mashine za vinasaba zitangoja. Anayedhani siku hizi DNA imewapumzisha watu kuangalia, angekaa na mtafiti huyu asubuhi moja tu. Anamlaza nyungunyungu kwenye sahani yenye nta nyeusi, anamfunika kwa spiriti kidogo ili mwanga usimetemete, na kuanza kuhesabu pingili kwa ncha ya sindano. Moja, mbili, tatu. Hesabu huanzia kichwani, na ukikosea pingili moja umekosea kila kitu kinachofuata, kwa sababu nyungunyungu hana mifupa, hana mabawa, hana meno. Alicho nacho ni mahali: kitu gani kiko kwenye pingili ya ngapi.

Mfano unaofundishwa duniani kote ni Lumbricus terrestris wa Ulaya. Mtu mzima ana mshipi, ule mkanda mnene unaotengeneza kifuko cha mayai, na kwake mshipi huo huanzia pingili ya 32 hadi ya 37. Ndugu yake Lumbricus rubellus anao kwenye pingili ya 26 au 27 hadi ya 32. Tofauti ya pingili tano imetosha kuwatenga hawa wawili. Tundu za kiume ziko pingili ya 15. Vinyweleo vya kushikia udongo ni vinane kwa kila pingili, na umbali kati ya kinyweleo na kinyweleo hupimwa. Kijidomo cha juu nacho huangaliwa kama kinaikata pingili ya kwanza yote au nusu yake. Mtafiti anaangalia, anaandika, anamgeuza nyungunyungu upande wa pili, anahesabu upya tangu mwanzo. Nimemwona akirudia hesabu ileile kwa nyungunyungu yuleyule ilhali mara zote mbili za kwanza namba zilikubaliana.

Nyungunyungu wa kwetu wanadai zaidi. Familia ya Eudrilidae, wenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, ina mpangilio wa viungo vya uzazi uliofumwa kwa ugumu usiopatikana kwa hao wa Ulaya: kwa wengi, vifuko vinavyopokea mbegu za mwenzi vimeungana na ovari na mirija yake kuwa mfumo mmoja. Nje huonekana tundu tu. Kinachoitenga spishi moja na nyingine kimo ndani, na ndani hakufikiki bila kupasua.

Kwa hiyo anapasua. Mkato haupiti katikati kabisa ya mgongo; unapita kando kidogo, ili mshipa mkuu wa damu na tundu za mgongoni zisalie nzima. Makasi yake yana ncha nyembamba, na ncha ya chini anaielekeza juu wakati wote, ikiisukuma ngozi badala ya kuzama tumboni. Anakata pingili mbili tatu, anasimama, anapachika pini. Pini zinalazwa kwa pembe, kushoto na kulia, moja kila baada ya pingili tano, na hivyo pini zenyewe zinakuwa rula: akitaka pingili ya 17 anahesabu pini tatu na kusonga mbele mbili. Kisha kwa sindano analegeza kuta nyembamba zinazotenganisha pingili, ukuta mmoja mmoja. Kwenye Lumbricus huonekana jozi tano za mioyo, pingili ya 7 hadi ya 11. Vifuko vya kupokea mbegu kwenye ya 9 na ya 10. Firigisi kuanzia ya 17. Kwenye Eudrilidae anakwenda polepole kupita kiasi, kwa sababu mrija ukikatika haijulikani tena ulikuwa unaelekea wapi. Pumzi yake inasikika. Mkono hautetemeki. Kila hatua anaichora kwa penseli, maana mchoro humlazimisha kuamua kitu kimeanzia wapi na kimeishia wapi, na picha ya kamera haimlazimishi mtu kuamua chochote.

Baada ya kazi yote hiyo huja wakati ambao macho yamefika mwisho. Nyungunyungu wawili wamelala sambamba: pingili zilezile, mshipi uleule, vifuko vilevile. Mmoja ni mrefu kidogo, lakini nyungunyungu hunywea na kutanuka. Mmoja alikuwa mwekundu zaidi msituni, lakini spiriti imeshamfuta rangi. Je, ni spishi moja au mbili? Hapo ndipo anapokwenda kuvitoa vile vichupa vya ngozi.

Kipande cha ngozi kinakatwakatwa na kutiwa kwenye kimiminika chenye kimeng'enya kinachoyeyusha protini, kisha kinalala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 56. Asubuhi hakuna kipande tena. Kuna maji yenye ukungu kidogo. Maji hayo yanapitishwa kwenye kichujio cha silika, ambacho hukamata DNA na kuachilia vingine vyote. Kichujio kinaoshwa kwa spiriti mara moja, kinaoshwa tena, na mwishowe DNA inaachiliwa kwa matone machache ya maji maalumu. Haionekani kwa macho. Katika kila kundi la vichupa kimo kimoja kisicho na nyungunyungu, kilichopitishwa hatua zote kama wenzake. Kichupa hicho kisipobaki kitupu hadi mwisho, kundi zima linatupwa, na ukali huo wa mtu dhidi ya kazi yake mwenyewe mimi nauheshimu kuliko mashine yoyote iliyomo chumbani.

Kisha inachaguliwa sehemu ya kusoma. Jenomu nzima ni ndefu. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja ambao karibu wanyama wote wanao na ambao hubadilika kwa kasi inayofaa. Mwaka 1994 Folmer na wenzake walichapisha jozi ya vianzio, LCO1490 na HCO2198, vinavyoshika kingo mbili za kipande cha jeni iitwayo COI, iliyo ndani ya mitokondria. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande hicho kiwe alama ya kuwatambulisha wanyama wote. Vianzio vikiondolewa, hubaki herufi 658 za DNA.

Kuandaa mchanganyiko wa kunakilisha ni kazi ya pipeti, na pipeti ina adabu yake. Maji kwanza, halafu chumvi, magnesi, herufi zenyewe A, C, G na T, vianzio viwili, na mwisho kabisa kimeng'enya, ambacho hakitolewi kwenye barafu mpaka dakika yake ifike. Kila tone lina ncha yake mpya. Ncha iliyotumika inadondoshwa kwenye ndoo, hata kama kinachofuata ni kimiminika kilekile. Kimeng'enya hiki asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ndiyo maana hakifi mashine inapopanda hadi nyuzi 94 kuitenganisha DNA, kisha kushuka kwenye hamsini hivi ili vianzio vishike, kisha kupanda 72 ili nakala iandikwe. Mizunguko 35. Kila mzunguko hurudufisha nakala za uliotangulia, kwa hiyo kinadharia nakala moja huzaa zaidi ya bilioni 34. Mashine inavuma saa mbili au tatu, na mtafiti anarudi kwenye hadubini.

Matokeo hupimwa kwanza kwenye jeli. Tone la kila sampuli linashushwa kwenye kishimo chake, umeme unawashwa, na DNA, ambayo ina chaji hasi, inasafiri kuelekea upande chanya; vipande vifupi hutangulia, virefu hukawia. Chini ya mwanga wa buluu hutokea mistari inayong'aa, usawa wa herufi 700 hivi ukilinganisha na ngazi ya vipimo iliyo pembeni. Kishimo cha kichupa kitupu kinabaki cheusi. Mtafiti anakiangalia hicho kabla ya vingine vyote.

Sampuli zinakwenda kusomwa, kila moja pande mbili, kutoka mwanzo na kutoka mwisho. Kinachorudi ni mchoro wa vilima vya rangi nne: kijani kwa A, buluu kwa C, nyeusi kwa G, nyekundu kwa T. Programu huvitafsiri kuwa herufi kwa sekunde moja. Mtafiti hutumia muda mrefu kuipinga programu. Anapita kilima kwa kilima. Mwanzoni vilima huwa vimevurugika, anavikata. Mahali ambapo kilima chekundu kimesimama juu ya cha buluu, anaangalia usomaji wa upande wa pili. Nao ukikubaliana na kimoja, anaandika. Ukikataa, anaweka N, maana yake hapa pasisemwe kitu. Kisha anazipanga herufi tatu tatu, zinavyosomwa na chembehai inapotengeneza protini. TAA au TAG ikijitokeza katikati, hiyo ni amri ya kusimama isiyotakiwa kuwapo, na ni dalili kwamba kilichosomwa kinaweza kuwa nakala mfu ya jeni iliyohamia kwenye kiini. Mfuatano mzuri wa kutazama unaweza kuanguka mtihani huu, na ukianguka unaachwa.

Sasa herufi zinapangwa mstari juu ya mstari na tofauti zinahesabiwa. Samuel James na Chang Chih-Han, katika tathmini yao ya 2011, walionyesha kwamba nyungunyungu wa spishi moja kwa kawaida hutofautiana kwenye COI kwa chini ya asilimia 9, na wa spishi mbili kwa zaidi ya asilimia 15. Kati ya 9 na 15 ni eneo la ukungu. Tofauti hizi ni kubwa ukilinganisha na za wanyama wengi, na ndizo zilizowashtua watafiti walipoanza kusoma vinasaba vya nyungunyungu waliodhani wanawajua. Mwaka 2008 King na wenzake walichunguza Allolobophora chlorotica wa Uingereza, nyungunyungu wa kawaida wa bustani, ambaye huwa wa kijani penye unyevu mwingi na wa waridi kwingineko. Walikuta ndani ya jina hilo moja koo tano zilizotengana sana.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Lumbricus terrestris mwenyewe. Linnaeus alimpa jina mwaka 1758. Darwin alichapisha kitabu kizima kuhusu nyungunyungu mwaka 1881. Wanafunzi wa shule na vyuo wamempasua huyu kwa vizazi, mioyo mitano mitano, firigisi, vifuko, hata ungedhani hakuna kilichobaki kujulikana. Mwaka 2010 James na wenzake, akiwamo Christer Erséus wa Sweden, walisoma COI ya nyungunyungu wa jina hilo na kukuta makundi mawili yasiyochanganyika. Walikuwa spishi mbili wakati wote huo, wanaofanana kiasi hicho, ila mmoja kwa kawaida ana mwili mkubwa zaidi.

Herufi zilikuwa zimefanya kazi yake, na bado kazi ngumu ilikuwa mbele. Nani kati ya wawili ana haki ya jina la Linnaeus? Linnaeus hakuacha nyungunyungu wa kielelezo. Kwa hiyo watafiti walikwenda kwenye bustani yake ya zamani, Uppsala, wakamchimba nyungunyungu pale, wakamsoma vinasaba, na kumteua kuwa kielelezo kipya cha spishi. Huyo na wa ukoo wake ndio Lumbricus terrestris. Yule mkubwa hakupewa jina jipya, kwa sababu walipopekua maandishi ya zamani walikuta Savigny, wa Ufaransa, alikuwa ameshamwita herculeus mwaka 1826. Jina likazikwa baadaye na waliodhani ni yuleyule. Likafufuliwa. Savigny aliona kwa macho yake, bila hadubini za leo wala mashine, tofauti ambayo waliomfuata waliifuta.

Ndiyo maana mtafiti wangu hakimbilii kutangaza. Herufi 658 zinamwambia kuna makundi mawili. Hazimwambii kama makundi hayo huzaliana. Mitokondria hurithiwa kupitia yai, na ingawa kila nyungunyungu ni dume na jike kwa pamoja, mitokondria bado inasimulia upande mmoja wa ukoo. Kwa hiyo anasoma jeni za kiini pia, 28S au za protini ya histoni H3, ambazo hutoka kwa wazazi wote wawili. Kama makundi mawili yanachanganya jeni za kiini, basi ni spishi moja yenye historia ndefu ya kutengana. Kama hazichanganyiki hata pale wanapoishi shimo moja, hoja inapata nguvu.

Halafu anarudi kwenye mwili. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anawatoa tena nyungunyungu aliowapasua, safari hii amewagawa mafungu mawili kwa mujibu wa herufi, na kuangalia upya akijua sasa wapi pa kuuliza. Anapima umbali wa vinyweleo. Anapima unene wa kuta za pingili za mbele. Anakagua kingo za mshipi. Wakati mwingine kitu kinajitokeza: mstari wa vijitezi unaokwisha pingili moja mapema, kifuko chenye shingo ndefu zaidi, na kila wa fungu la kwanza anacho na wa fungu la pili hana. Kilikuwapo tangu siku ya kwanza. Jicho lilikiona na kukiweka kwenye mambo ya bahati, maana halikuwa na sababu ya kukiamini. Wakati mwingine hakijitokezi kitu, na hapo analazimika kueleza spishi kwa herufi zake, akitaja ni herufi ipi kwenye nafasi ipi.

Bado hana haki ya kusema "mpya". Kwa Afrika Mashariki, swali hilo humpeleka Hamburg. Wilhelm Michaelsen, aliyezaliwa 1860 na kufariki 1937, alieleza nyungunyungu wa kwetu kwa wingi akiwa kwenye makumbusho ya mji huo, wakiwamo waliopelekwa na Franz Stuhlmann, aliyefika Zanzibar mwaka 1888. Jenasi Stuhlmannia ina jina lake. Michaelsen aliandika kwa Kijerumani, sentensi fupi, pingili kwa pingili, na kitabu chake cha 1900 cha nyungunyungu na jamaa zao wa dunia nzima bado hufunguliwa. Mtafiti anaisoma aya moja ya Michaelsen akiwa na nyungunyungu wake chini ya hadubini, neno kwa neno. Akikuta zinalingana, jina la zamani ndilo jina. Zikikaribiana bila kulingana, anaomba kukiona kielelezo chenyewe, na barua hizo zinaweza kuchukua miezi.

Zikikosa kulingana na yeyote, ndipo anapoandika. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinamtaka ateue nyungunyungu mmoja kuwa kielelezo cha jina, aseme kimehifadhiwa wapi, atoe maelezo yanayomtofautisha na wengine, na achapishe hadharani. Wengine wa fungu hilo wanabaki kuwa mashahidi. Herufi zinawekwa kwenye hazina ya wazi, zikiwa zimefungamanishwa na namba ya chupa, ili mtu wa Morogoro au Kampala aliyechimba shimo lake alinganishe za kwake usiku huohuo.

Faida ya kazi hii inafika hata shambani. Wakulima wanaofuga nyungunyungu wa mboji huuziwa "wekundu", na kwa jina hilo huchanganywa Eisenia fetida, mwenye milia, na Eisenia andrei, mwekundu mtupu. Spishi hizo ndizo zinazotumiwa pia kupima sumu za viuatilifu kwenye udongo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulisoma vinasaba vya nyungunyungu kutoka maabara 28 za vipimo vya sumu, na ukakuta baadhi yao wanafuga spishi nyingine tofauti na waliyokuwa wakiiandika kwenye ripoti.

Kwenye rafu ya mtafiti kuna chupa nyingi alizoandika "wachanga". Mtoto wa nyungunyungu hana mshipi wala tundu zilizokomaa, na kwa hesabu ya pingili pekee hatambuliki, kwa hiyo katika orodha za zamani wachanga waliandikwa kwa idadi tu, hata pale walipokuwa wengi kuliko wakubwa. Mchanga anazo herufi zilezile za mama yake. Kifuko cha mayai kinazo. Kipande cha mkia kilichokatwa na sepetu kinazo. Sasa kwa kuwa wakubwa wana majina, anaanza kuwashusha wachanga chupa moja moja, waliohifadhiwa kwa spiriti kwanza, na kukata kwa kila mmoja milimita mbili za ngozi ya mkia.